Mbuzi Namba Kumi na Nne

Lori la mradi lilipoingia kijiji cha Ihanja, Rahabu alikuwa ameshamwogesha yule mbuzi mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa jana yake, alipoletwa tu kutoka machimboni. Mara ya pili asubuhi hiyo, kwa sabuni ya mche na ndoo mbili za maji ambayo angeyafulia. Mbuzi mwenyewe alikuwa mweusi, na mbuzi mweusi akirudi nyumbani na rangi ya majivu hata asiyejua mifugo atauliza. Sasa aling'aa. Alisimama zizini na wenzake wanne, hereni ya njano sikioni, namba kumi na nne, msafi kuliko wote, na kwa kweli usafi ule wenyewe ungemtia mtu shaka kama angekuwa na muda wa kushuku.

Mradi ulikuwa wa chuo kimoja cha mbali. Walitaka kujua vumbi la karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, linaharibu mapafu kwa kiasi gani na kwa haraka gani. Kundi moja la mbuzi walilifuga kulekule machimboni, penye vumbi. Kundi la pili walilikabidhi kwa Rahabu, penye hewa safi, ili wapate cha kulinganishia. Kila baada ya miezi sita walikuja na kontena juu ya lori, wakawapima wote. Rahabu alipokea posho yake kwenye simu kila mwezi, na posho hiyo pamoja na ujira wa mumewe wa machimboni ndivyo vilivyomweka bwenini binti yao wa pekee, Witness, huu ukiwa mwaka wa pili.

Karatasi aliyotia sahihi ilisema mbuzi wasiuzwe, wasichinjwe, wasitolewe hapo nyumbani. Aliisoma yote, tena kwa sauti, mumewe Sostenes akisikiliza. Lakini mbuzi wa maziwa, kwa watu wa kwao, hakai tu palipo na zizi lake. Jamaa akiwa na mgonjwa, au mwanamke amejifungua na hana cha kunywa, unampa mnyama amkamue mpaka shida iishe, kisha anarudi. Hakuna aliyewahi kuita hilo kumtoa mbuzi nyumbani. Na hewa safi waliyoisema wataalamu, Rahabu aliielewa kama anavyoielewa mbegu: mbuzi wa Ihanja ni mbuzi wa Ihanja, popote atakapolala.

Sostenes naye alikuwa na shida. Mwaka wa tisa huo alikuwa akilisha mawe kwenye karasha, Jumatatu mpaka Jumamosi, na kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. Kila mtu kwenye karasha anajua kwamba vumbi la kifuani linasukumwa na maziwa. Zamani tajiri wao aliwagawia pakiti moja moja asubuhi, halafu dhahabu ikapungua na maziwa yakawa ya kwanza kukatwa. Basi mwezi wa tatu, mtoto wa namba kumi na nne alipokufa kwa kuhara na maziwa yakakosa mwenyewe, Sostenes alisema kwa Kinyaturu, taratibu, kama mtu anayeomba chumvi, kwamba huyo mbuzi angemfaa kule. Rahabu alimkabidhi kamba. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na hakuwaza mara mbili.

Miezi mitano mbuzi alilala chini ya turubai moja na Sostenes, hatua kumi kutoka kwenye mashine. Simu ya mradi ilipopigwa kutangaza siku ya kupima, alirudishwa kwa bodaboda, amepakatwa, miguu imefungwa.

*

Daktari Zefania, mganga wa mifugo aliyesimamia mradi, alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye adabu zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Za safari?"

"Nzuri. Mbuzi hawajambo? Eh, huyu mweusi mbona amependeza hivi?"

"Anakula vizuri," alisema Rahabu.

Waliwaingiza kontenani mmoja mmoja. Rahabu aliruhusiwa kusimama ndani, nyuma ya mstari mwekundu, kwa sababu mbuzi walitulia wakimwona. Mnyama alidungwa sindano ndogo ya kumpumbaza, akafungwa barakoa ya mpira mdomoni, na kikopo kilichoungwa kwenye barakoa kikaanza kutoa mvuke mwembamba. Mbuzi alivuta mvuke ule kwa dakika kadhaa, kisha akasogezwa mbele ya kamera nene kama mlango wa sefu. Daktari alikuwa ameshamweleza siku nyingi zilizopita. Mvuke ule haukuwa dawa ya kutibu. Ulibeba alama ndogo inayotoa mionzi, kidogo sana, na kamera iliiona alama hiyo inapokaa ndani ya mapafu na jinsi inavyoondoka. Ndiyo maana baada ya kupimwa maziwa hayanywewi siku mbili. Pafu zima hushikilia alama, ikatoka polepole kuingia kwenye damu. Pafu lililoumia huivujisha upesi, kama ndoo yenye tundu.

Mbuzi wanne wa kwanza walipita bila neno. Kwenye kioo cha mashine mapafu yao yalitokea kama majani mawili ya boga, meupe, na nusu saa baadaye yalikuwa bado meupe. Akaletwa namba kumi na nne. Mapafu yake yalitokea vilevile, ila kingo zilikuwa na mabaka. Dakika kumi zikapita, weupe ukawa kijivu. Ilipofika nusu saa Rahabu, ambaye aliishia darasa la saba, aliona mwenyewe bila kuelezwa kwamba majani yale yamekwisha.

Daktari alirudia kupima. Akakagua mashine. Akaangalia namba ya hereni, akaiangalia tena kwenye daftari. Mwishoni alimwambia Rahabu watoke nje, wakasimama kwenye kivuli cha lori.

"Mama Witness, huyu kumi na nne analala wapi?"

"Si hapo zizini, na wenzake."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Hapa karibu kuna anayechoma mkaa? Kuna kinu cha kukoboa?"

"Hakuna."

Daktari alijikuna shingo. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulivumilia. "Basi sielewi. Mapafu haya ni ya mbuzi wa karasha. Ukiniwekea picha hii mezani bila namba, nitakwambia ametoka machimboni. Kama hajatoka hapa nyumbani, basi ana ugonjwa tusioujua, na itabidi achinjwe leo tumfungue kifua tuone."

Rahabu alimtazama mbuzi aliyekuwa amelala kwenye turubai akizindukana. Aliiwaza karatasi ya sahihi. Aliwaza kitanda cha Witness bwenini. Alijua kabisa kwamba akinyamaza, mbuzi atachinjwa na mambo yataishia hapo, na posho itaingia mwezi ujao kama kawaida. Lakini swali lilikuwa limeshamkaa kooni, nalo halikuwa la mbuzi.

"Na mtu je, daktari?" aliuliza. "Mtu naye dawa ikimtoka haraka hivyo, ina maana hiyohiyo?"

"Pafu ni pafu, mama."

"Inachukua muda gani kufika hapo?"

"Wale wetu wa machimboni tuliwaona hivi baada ya miezi mitano, sita."

"Alikuwa machimboni," alisema Rahabu. "Tangu mwezi wa tatu. Mume wangu alikuwa anamkamua. Jana ndiyo amerudi, nikamwogesha."

Akaona aibu kwa lile la kuogesha kuliko kwa mengine yote. Daktari Zefania alifunga daftari, akalifungua tena. Wasaidizi wake wawili walikuwa wamesikia, na mmoja alicheka puani kisha akajifanya anafunga kamba.

"Umetuharibia kazi ya mwaka mzima, mama," alisema daktari kwa upole. "Unajua hilo?"

"Najua."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Nilijua ni maziwa tu."

Daktari alichora mstari juu ya namba kumi na nne. Alisema hataripoti kwamba wamedanganywa, ataandika mbuzi mmoja ameondolewa kwenye hesabu, na wanne waliobaki waendelee kukaa hapo, ila safari hii wasivuke hata barabara. Kumi na nne walimwachia Rahabu, hawakuwa na kazi naye tena. "Mweke hapa penye hewa nzuri. Miezi mitano si mingi. Anaweza kupona huyu."

"Mume wangu ana miaka tisa kule."

Daktari aliitia kalamu mfukoni.

"Anakohoa. Zahanati wamempima makohozi mara tatu, wanasema hana TB, wanampa vidonge tunarudi. Hiyo mashine yenu ipo hapa hapa. Keshokutwa ni Jumapili, atakuwa nyumbani. Avute huo mvuke mara moja tu, tuone."

"Haiwezekani, mama."

"Nitawafulia mashuka yenu. Nitawapikia."

"Mama, kibali chetu ni cha mbuzi. Nikimwekea mtu hiyo barakoa, nafungwa." Aliona haya kulisema, akatazama pembeni. "Nitakuandikia barua uende nayo hospitali ya mjini. Wampige picha ya kifua."

Aliandika barua palepale, kwenye boneti ya lori, akagonga mhuri. Akamchapishia na picha mbili, ya namba kumi na moja, mmoja wa wale wazima, na ya namba kumi na nne, akasema zitasaidia. Rahabu alizipokea kwa mikono miwili. Alingoja kusikia uchungu, au hata hofu, na hakusikia kitu. Alishangaa kidogo, halafu akaenda kuwafungulia mbuzi.

*

Jumatatu Sostenes hakwenda kazini. Hilo pekee lilikuwa kubwa, kwa sababu nafasi kwenye karasha haikai wazi. Walipanda basi kwenda Singida mjini, yeye amevaa shati la kanisani, Rahabu ameshika bahasha. Kutoka stendi mpaka hospitali Sostenes alisimama mara nne, kila mara akijifanya anasoma mabango ya maduka.

Dirishani alikuwapo dada mmoja mwenye miwani, wala hakuwa mtu mbaya. Aliifungua barua, akaona kichwa cha ng'ombe kilichochorwa juu kabisa ya karatasi, akasoma mhuri.

"Hii ni ya mganga wa mifugo."

"Ndiyo," alisema Rahabu. "Ametuelekeza tuje kwa picha ya kifua."

Dada akaendelea kusoma, midomo ikitembea, na alipofika katikati sauti ikamtoka bila kukusudia. "'Mhusika ameishi mazingira mamoja na mbuzi namba kumi na nne, ambaye mapafu yake...' Jamani! Sasa mgonjwa wangu ni nani hapa? Mbuzi yuko wapi?"

Benchi lote lilicheka. Lilikuwa benchi la watu wenye maumivu, waliokaa tangu alfajiri bila cha kuwachekesha, na kwa haki mtu hawezi kuwalaumu. Mzee mmoja aliyefungwa bandeji mguuni alisema, "Amemwacha stendi anakula majani," wakacheka tena. Hata yule dada alivua miwani akafuta macho. Alipotulia alisema, kwa wema kabisa, kwamba barua hiyo hawezi kuipokea, ila baba aanze upya kama wengine, afungue faili, amwone daktari, na daktari akiona inafaa ataandika picha mwenyewe.

"Sawa, tufungue faili," alisema Rahabu. Alipogeuka kumwomba Sostenes kitambulisho, Sostenes hakuwapo.

Alimkuta nje ya geti, amechutama, mkono ukutani, anakohoa. Alikohoa mpaka muuza karanga akasogeza beseni lake pembeni. Rahabu alisimama karibu naye, hakumgusa, maana Sostenes hakupenda kuguswa akiwa hivyo.

"Turudi ndani. Foleni si ndefu."

"Sirudi."

"Baba Witness, wanacheka tu. Kesho watakuwa wamesahau."

"Nimekwenda zahanati mara tatu, nimetema mate kwenye vikopo vyao, wakasema mzima. Leo nimekuwa mbuzi." Alijifuta mdomo kwa mkono wa shati la kanisani. "Twende nyumbani."

Mwanamke mwingine angelia pale, au angemvuta shati. Rahabu alifikiri kufanya yote mawili, akaona yako mbali sana, kama kazi za mtu mwingine. Akanunua karanga za mia mbili kwa sababu walikuwa wamemzuia yule muuzaji biashara, wakaenda stendi.

*

Walipofika nyumbani jua lilikuwa bado juu. Sostenes alikaa kwenye kigoda mlangoni, akaomba zile picha.

"Huyu nani?"

"Kumi na moja. Huyo hajatoka hapa."

Aliishika ile ya pili mbali na uso, kisha karibu. Ilikuwa karatasi ya kijivu yenye vivuli viwili vilivyofifia, usingeweza hata kusema ni mapafu kama hujaambiwa. Aliitazama muda mrefu kuliko alivyowahi kuitazama picha ya mtu yeyote.

"Na hii ni miezi mitano?"

"Mitano."

"Mitano tu."

"Daktari amesema akikaa kwenye hewa nzuri anaweza kupona."

Rahabu alingoja. Hapo ndipo alipotaka mambo yafike tangu aliposema kweli kwenye kivuli cha lori. Aliamini kwamba mume wake akiona kwa macho yake, ataacha. Alikuwa amekwisha kupanga kimoyomoyo: wangelima alizeti kwenye lile shamba la Ilongero la marehemu baba yake, Witness angerudi nyumbani akasome shule ya kutwa, wangekula uwele na mlenda, na wasingekufa. Aliyasema yote, moja baada ya jingine, bila kupandisha sauti.

Sostenes alisikiliza mpaka mwisho. Alizikunja picha kwa uangalifu zikalingana kona.

"Witness amebakiza miaka miwili," alisema.

"Najua amebakiza ngapi."

"Basi."

Asubuhi iliyofuata alifunga begi lake. Rahabu hakumbembeleza tena. Alifanya kitu ambacho hakuwa amekipanga: alikwenda zizini, akamfungua namba kumi na nne, akamleta hadi mlangoni. Siku mbili za kutokunywa maziwa zilikuwa zimepita. Mbuzi hakuwa wa mradi tena, hakuna ambaye angemuuliza. Kama mume wake alikuwa anakwenda, angalau aende na maziwa yake. Alimnyooshea kamba.

Sostenes aliitazama ile kamba. Akamwinamia mbuzi, akampapasa shingoni, akamsikiliza pumzi, sikio lake likiwa karibu na mbavu.

"Mwache," alisema. "Nitampeleka vipi kule na nimeshaona? Huyu bado mchanga. Mwache apone."

Bodaboda ilikuwa inangoja. Alipanda nyuma, begi mapajani, akafunga mdomo na pua kwa kitambaa cha kichwani alichokiomba kwa Rahabu, kile cha bluu. Akaondoka.

*

Lori la mradi lilirudi mwezi wa pili, alizeti ikiwa inachanua. Daktari Zefania alishuka na salamu zake, akapima mbuzi wanne, wote wazima. Kazi ilipokwisha, alimwona namba kumi na nne amelala nyuma ya nyumba, akasema mvuke umebaki na ingekuwa vizuri kumwona, kwa faida yake mwenyewe tu.

Walimfunga barakoa. Majani mawili ya boga yakatokea kwenye kioo, meupe mpaka kingo. Dakika kumi zikapita. Nusu saa ikafika, na majani yalikuwa bado yapo.

"Mama Witness! Njoo uone! Njoo uone hapa!" Daktari alimshika mkono akamvusha mstari mwekundu bila kukumbuka kwamba hairuhusiwi. "Unaona? Ameshika! Amepona huyu! Hii hata wenzangu chuoni hawataamini. Unajua maana yake? Maana yake mnyama akiondolewa kwenye vumbi mapema, pafu linajirudi. Namrudisha kwenye hesabu. Namwandikia ukurasa wake peke yake."

Wasaidizi walipiga makofi. Daktari aliandika haraka haraka, akachapisha picha, akaipepea ikauke. Kisha akili ikamrudia, kalamu ikasimama.

"Na Baba Witness? Hajambo? Mlimpiga ile picha?"

Kutoka ndani ya nyumba kikohozi kilisikika, kikavu, cha taratibu, cha mtu anayekohoa akiwa amekaa kwa sababu hawezi tena kulala chali. Kilikuwa pale tangu asubuhi. Rahabu alikwisha kuacha kukisikia.

"Alirudishwa mwezi wa kumi na mbili," alisema. "Wamempa nafasi yake mtu mwingine."

Daktari alimnyooshea ile picha. Rahabu aliipokea picha mpya kwa mikono miwili, akashukuru kama ilivyo desturi, akauliza jambo alilotaka kuwa na hakika nalo.

"Maziwa, siku mbili?"

"Siku mbili, mama."

"Basi leo na kesho atakunywa uji," alisema Rahabu, akaenda kumwambia mumewe.